Tupange siku moja ya redio ya taifa, lakini safari hii tuianzie Kigoma

Mwana wa Kibirizi (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Kuna jambo la redio limenikaa moyoni muda mrefu, leo nalileta jamvini tulijadili kwa kina.

Ukimuuliza mtu redio ya taifa ni nini, atakutajia jengo lililoko Dar es Salaam, au taarifa ya habari na zile ngoma za marehemu Mzee Morris Nyunyusa. Mimi nasema redio ya taifa ni siku nzima: saa ngapi kinasikika nini, na kinamkuta nani akiwa kwenye shughuli gani. Vipindi vinaweza kuwa vizuri kabisa, lakini siku ikipangwa vibaya vinampita mlengwa yuko ziwani, yuko shambani au amelala. Na siku hiyo, kwa jinsi ninavyoisikia huku, hupangwa na mtu anayetazama jua la Dar.

Tuanze na hilo la jua, maana ndugu zetu wa pwani wengi hawalifikirii. Nchi nzima tunatumia saa moja. Lakini Dar iko kwenye nyuzi 39 na ushei mashariki, Kigoma tuko nyuzi 29 na ushei. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Piga hesabu: jua linatufikia sisi dakika 40 hivi baada ya kuwafikia wao, na Tabora dakika 26 hivi. Saa kumi na mbili asubuhi mtangazaji anapowaamsha waliolala, Dar kunapambazuka, huku Kibirizi bado tunamulikana na tochi. Jioni ni kinyume chake. Saa moja kasoro robo wenzetu wameshawasha taa na watoto wamenawa miguu. Kwetu jua bado linaning'inia juu ya milima ya Kongo, watoto wako uwanjani au wamekwenda kuchota maji.

Basi nimeipanga siku kwa kusimama hapa ufukweni. Nawaomba muibomoe panapostahili.

Saa kumi alfajiri nisingeweka muziki mtupu. Hiyo ndiyo saa mitumbwi ya dagaa inageuza kurudi, na maboti ya abiria ya kwenda Mwamgongo na Kagunga yanaanza kupakia. Ningeweka hali ya hewa, na ndani yake maziwa yatajwe moja moja kwa jina: Victoria, Tanganyika, Nyasa, Rukwa. Kusema "maziwa makuu yatakuwa na mawimbi madogo hadi makubwa kiasi" hakumsaidii mtu anayetaka kujua kama kusi ya leo itamruhusu kupita. Kisha bei: dagaa wa Kigoma, mawese, mchele, maharage ya Kasulu, kwa masoko matatu au manne ya nchi. Mchuuzi akijua bei ya Dar kabla dalali hajamfikia, anaongea kwa kujiamini.

Saa moja asubuhi habari, halafu magazeti. Hapa naomba wa Dar mnielewe. Kwenu kusomewa magazeti redioni ni nyongeza, mnayaona yamening'inizwa kila kituo cha daladala. Huku karatasi lenyewe lina safari ndefu kabla halijafika, na vijiji vya mwambao halifiki kabisa. Kwa hiyo msomaji wa magazeti redioni ndiye gazeti letu. Asisome vichwa vya habari tu na kucheka na mwenzake. Asome aya mbili tatu, aseme habari inahusu nini.

Kutwa ya asubuhi nisingeijaza maneno mengi. Afya, sheria za ardhi na mirathi, elimu ya ujasiriamali, na muziki wa dansi katikati ili watu wapumue.

Mchana, baada ya habari ya saa saba, nataka salamu zirudi kwa heshima yake. Vijana hamkuziona zile kadi za salamu. Ilikuwa kadi inayonunuliwa, unaandika jina lako na mahali ulipo, unaorodhesha unaowasalimu, chini unaweka ujumbe, unaitia posta. Halafu unasubiri. Wiki zinapita. Siku moja unasikia jina lako likisomwa na nchi nzima, na mjomba aliyeko Korogwe anajua kwamba mpwa wake wa Ujiji yu hai na anamkumbuka. Palikuwa na watu waliojulikana Tanzania nzima kwa salamu tu, kwa majina yao ya utani, na hakuna aliyewahi kuwaona sura. Mtu wa Masasi na mtu wa Uvinza walikuwa ndugu wa redioni. Simu haijachukua nafasi hiyo. Simu inamfikia uliye na namba yake. Salamu ziliwafikia na wasiokuhusu, wakajua kwamba kuna mahali panaitwa Kalinzi na kuna mtu huko ana mama mgonjwa.

Saa kumi jioni hali ya hewa tena, kwa sababu ndiyo saa wavuvi wanapakia taa na nyavu. Kipindi cha watoto nakisogeza hadi saa moja na nusu usiku. Watu wa umri wangu mnaikumbuka Mama na Mwana, jinsi nyumba ilivyonyamaza. Watoto wa magharibi wa leo nao wakae chini wasikilize, na saa kumi na mbili jioni huku bado hawajarudi nyumbani.

Saa mbili usiku habari, kisha mazungumzo mafupi ya mtu mmoja anayejua jambo lake, kama yale Mazungumzo Baada ya Habari ya zamani. Baada ya hapo mchezo wa redio, mashairi, taarabu, na kwa siku za ligi mpira.

Kinachonifanya nipiganie mchanganyiko huu wote ukae kwenye stesheni moja ni hiki: redio ya taifa inamkuta mtu hajachagua. Mvuvi anasubiri upepo wa ziwa, anaangukia shairi. Bibi anasubiri matangazo ya vifo, anasikia namna ya kumpa mtoto maji ya chumvi na sukari. Mkulima wa Newala anasikia mvuvi wa Kigoma akieleza kwa nini mwezi ukiwa mpevu hawendi ziwani. Ukimgawia kila mtu stesheni ya mambo anayoyapenda tayari, hapo kila mtu yuko peke yake chumbani kwake.

Karibuni.

Mama wa Katonga

Mwanangu, umeandika vizuri, ila wanawake umetupitisha haraka. Umesema "kutwa ya asubuhi nisingeijaza maneno mengi", ukahama.

Nikueleze siku yangu. Dagaa wakishapokelewa na kukubaliwa bei, tunawaanika mapema, wengine mchangani, sisi tuliojaliwa tunaanika kwenye vichanja. Jua likiwaka vizuri, jioni unakusanya dagaa wamekauka, wanang'aa, wanalia ukiwashika. Mvua ikiwanyeshea mchana wamelowa, wanabadilika rangi, wanatoa harufu, hapo umeuza chakula cha kuku. Mtaji wote umekwenda kwa wingu moja. Kwa hiyo hali ya hewa nisomewe kabla sijamwaga ndoo ya kwanza, na isemwe mvua inatarajiwa asubuhi au mchana. Hiyo ya saa kumi alfajiri ni ya wanaume walioko majini. Mimi niwekee saa moja, mbele ya habari au nyuma yake.

Jambo la pili. Ukianika, mikono ina magamba na shombo, hugusi redio wala simu. Stesheni niliyoifungua asubuhi ndiyo itakayoongea mpaka adhuhuri. Kwa hiyo saa tatu hadi saa sita ndio muda mimi ni msikilizaji wa kweli kuliko wote, sihami. Nipeni maneno! Nipeni mwanasheria aeleze mjane anadai nini na wapi, ajibu barua za watu kwa utulivu. Nipeni hadithi ndefu ya kuendelea kesho. Muziki tunaimba wenyewe.

Mwana wa Kibirizi

Mama, shikamoo. Nimekuelewa na nimebadilisha ratiba papo hapo. Saa tatu hadi saa sita ni maneno: sheria, afya ya mama na mtoto, na riwaya inayosomwa kwa sauti sehemu kwa sehemu. Hali ya hewa saa moja kasoro dakika tano.

Mwalimu wa Kasulu

Naunga mkono hoja, na niongeze historia kidogo ili tusidhani tunabuni jambo geni.

Utangazaji wetu ulianza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, na jina lilikuwa sahihi, kwani ulikusudiwa mji huo. Mwaka 1956 likaja Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Yaani redio hii ilizaliwa ya mji, ikakua kuwa ya nchi. Hilo analosema mleta mada, la jua la Dar, lina mizizi yake.

Lakini RTD hiyohiyo ilifanya mambo ambayo yalianzia kijijini. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Msidhani yalikuwa matangazo ya kupita. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza, kwa wiki 12. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa na kitabu chake. Mnakutana saa ya kipindi, mnasikiliza pamoja, redio inazimwa, mnajadili: malaria kwetu inatoka wapi, kichocho kwetu kinatoka wapi, tutafanya nini kabla ya wiki ijayo. Na walifanya. Vyoo vilichimbwa kwa wingi, nyasi zikafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai kwa mtindo huohuo.

Siri ilikuwa saa. Vikundi vilijua kipindi kinaanza lini, na siku ya kijiji ilipangwa kwa kukizunguka. Leo kipindi cha afya kinaweza kuhamishwa bila taarifa kwa sababu kuna mkutano wa kurushwa moja kwa moja. Hapo huwezi kujenga kikundi.

Mfano wa pili ni Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza mwaka 1993. Mkwaju, dereva wa lori, na mambo yake ya barabarani. Nani wa rika langu hamkumbuki? Wakati huo eneo la Dodoma liliachwa bila mchezo huo hadi mwaka 1995, wakawekewa vipindi vingine, ili watafiti walinganishe. Waliousikia walizungumza zaidi majumbani kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI kuliko wasiousikia, na wengi wakaanza kutumia uzazi wa mpango. Mchezo tu, unaosikilizwa na familia nzima baada ya kula.

Ombi langu: kwenye ratiba yako weka nusu saa ya kusikiliza kwa vikundi, siku moja ya wiki, saa kumi na moja jioni. Isihamishwe hata kwa jambo gani.

Dogo wa Mwandiga

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi naomba niseme tofauti, kwa heshima. Sisi tunaosikiliza kwa simu hatungoji saa. Kipindi kinawekwa mtandaoni, nakipakua nikiwa na bando, nakisikiliza ninapotaka. Mpira naupata, mahojiano nayapata, na mambo ya Wakorea nayapata. Kwa nini nchi ihangaike kupanga siku moja ya watu wote wakati kila mtu anaweza kujipangia yake?

Mwana wa Kibirizi

Marahaba mdogo wangu, hoja yako ni ya msingi na sitaki kuipuuza.

Kwanza, bando. Umesema mwenyewe "nikiwa na bando". Boti likishaondoka Kibirizi na kukunja rasi mbili tatu kuelekea kaskazini, mtandao unakuja na kuondoka. Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kikiwa na redio hakidai bando, na betri yake inakwenda siku kadhaa.

Pili, ambalo ni kubwa zaidi. Mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka ziwa letu zilikubaliana, na upande wetu uvuvi ukafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hilo ni jambo la kumtoa mtu kwenye riziki yake kwa miezi mitatu. Hakuna ambaye angelitafuta mwenyewe mtandaoni kabla halijamgusa. Nani anaandika "lini nitazuiwa kufanya kazi"? Jambo kama hilo linatakiwa likukute umekaa, ukiwa na jirani yako, mlisikie pamoja na mbishane pamoja. Na lisiishie kwenye tangazo. Ningekuwa na mamlaka ningeweka kipindi kila jioni ya miezi hiyo mitatu: leo mtaalamu wa samaki anaeleza dagaa anazaliana wapi na lini, kesho mvuvi wa Zambia anaeleza kwao kukoje, keshokutwa mwanamke aliyehamia biashara nyingine anaeleza alianza na nini.

Kujipangia ni haki yako. Ila pawepo na mahali ambapo sote tumesikia kitu kimoja.

Dogo wa Mwandiga

Hapo kwenye kufungwa kwa ziwa nimekupata, kaka. Baba alilisikia kwa jirani.

Fundi Masafa

Mmeongea mipango mizuri, lakini ratiba haina maana kama mawimbi hayafiki. Nieleze kwa lugha nyepesi kwa nini mkoa wetu ni mgumu.

FM inasafiri mstari ulionyooka. Mlima ukisimama kati ya mnara na redio yako, yamekwisha. Mji wa Kigoma uko chini kandokando ya ziwa, Kasulu na Buhigwe wako juu, Kibondo na Kakonko mbali zaidi kaskazini. Kusini ndiyo balaa: milima ya Mahale inapanda mpaka mita 2,462 na miguu yake imeingia ziwani. Vijiji vya huko vimekaa kwenye viganja vya ardhi kati ya mlima na maji. Mtambo mmoja wa mjini hauwezi kuwafikia hata uwe na nguvu kiasi gani. Inatakiwa mitambo midogo mingi, kila mmoja na umeme wake na mtu wa kuuangalia.

Masafa ya kati na mafupi yana tabia nyingine. Masafa ya kati hufuata uso wa ardhi mchana, na usiku huakisiwa na tabaka za juu za anga yakaenda mbali sana. Ndiyo maana wazee walikuwa wakitoa redio nje usiku wakapata stesheni za nchi za mbali. Masafa mafupi yanavuka mabara. Idhaa ya Kiswahili ya BBC kuanzia 1957 na ya Deutsche Welle kuanzia 1963 zilifika vijijini kwetu kwa njia hiyo, wakati hakuna aliyekuwa ameota mnara wa FM. Mtambo mmoja mkubwa wa masafa ya kati unafunika eneo ambalo kwa FM ungehitaji minara mingi, ila unakula umeme mwingi na sauti yake si safi ya kusikilizia muziki. Kwa hali ya hewa na habari, sauti hiyo inatosha kabisa.

Kwa leo, wenye usikivu hafifu: kwenye kitochi waya wa spika za masikioni ndio antena, uvute uuning'inize juu, usiukunje mfukoni. Redio ya mezani iondoe karibu na bati na chaja ya simu. Ukiwa bondeni, hatua chache kuelekea dirisha la upande ulipo mnara zinabadilisha mambo.

Mjukuu wa Manamba

Nimesoma habari ya salamu na Korogwe nikashtuka, maana ndiyo historia ya familia yetu. Babu yangu alitoka Uha kwenda mashamba ya mkonge Tanga, kama maelfu ya Waha wengine wa enzi zile. Walikwenda kwa mkataba, wengine wakarudi, wengine hawakurudi. Walioachwa nyumbani hawakuwa na njia nyingine ya kujua lolote isipokuwa mtu arudi na habari, au redio.

Ndiyo maana naomba matangazo ya vifo yapewe saa yake kamili kwenye ratiba hii, tena mara mbili kwa siku. Mleta mada umeyataja kwa kupita. Yale matangazo yalikuwa na mpangilio wake: fulani wa kijiji fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea siku fulani, habari ziwafikie fulani aliyeko Muheza, fulani aliyeko Kilosa, na wote popote walipo. Mtangazaji alisoma polepole, bila muziki chini. Kwetu ilikuwa ni marufuku kuongea yakisomwa, hata mgeni alinyamazishwa, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtu wake mbali. Bibi alipofariki, mtoto wake mkubwa alisikia redioni akiwa kambini. Mazishi hakuyawahi, lakini treni ilimfikisha kabla ya kuvunja matanga.

Kuna wanaosema siku hizi kuna makundi ya simu ya familia. Makundi hayo yana wanaojuana namba. Mtu aliyepotelea mjini miaka kumi hayumo.

Mkulima wa Urambo

Mwangaluka wana Kigoma. Tabora naomba nafasi, tusisahauliwe kwa kuwa hatuna ziwa.

Mleta mada umemaliza siku saa mbili tatu usiku na mpira, kana kwamba nchi imelala. Nani yuko macho usiku? Wavuvi wenu. Walinzi, wauguzi, madereva wa treni. Na sisi wa tumbaku. Majani yakishaingia bani, yaani banda la kukaushia, moto unalindwa kwa karibu wiki nzima, usiku na mchana. Ukizidi, umeunguza majani. Ukipungua, yanaoza au yanabaki na rangi mbaya, na sokoni yanashushwa daraja. Unakaa pale na kipimajoto, kuni na redio. Stesheni nyingi saa hizo zinapiga nyimbo bila mtu au zinarudia kipindi ulichokisikia mchana. Nataka mtangazaji aliye hai, anayeongea nasi saa nane usiku kwa sauti ya chini, anayesoma ujumbe wa walioko kazini. Na kipindi kizito cha kilimo kiwekwe saa hizo wakati wa msimu wa mabani, kwa sababu ndipo mkulima ana masaa ya kusikiliza bila jembe mkononi.

Warina asali wa Sikonge nao ni haohao, wanapiga kambi porini muda mrefu, redio ndiyo kijiji chao.

Na jingine, la mvua. Redioni unasikia kila mara vuli na masika, vuli na masika. Sisi huku tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Mtangazaji anapohimiza nchi nzima kupanda kwa mvua za masika, mwezi Machi, mahindi yangu yana mbelewele.

Mwalimu wa Kasulu

Hapo kwenye mvua pana jambo la kuongeza. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo tofauti: wa vuli na wa masika kwa maeneo ya misimu miwili, na wa mvua za msimu kwa maeneo ya msimu mmoja. Mkoa wa Kigoma umo pote pawili. Kibondo na Kakonko wamo kwenye vuli pamoja na ukanda wa Ziwa Victoria, sisi wengine wa mkoa huohuo tumo kwenye mvua za msimu. Mtangazaji akisema "Kigoma" tu, ameshampotosha mmoja wetu. Kwa hiyo kipindi cha kilimo kisomwe kwa wilaya.

Bin Ujiji

Assalaam alaykum. Mleta mada, hesabu yako ya jua ina sehemu nyeti hujaigusa. Ramadhani. Redio ya taifa ikirusha adhana ya magharibi ya Dar, mtu wa Ujiji mwenye kiu, mtoto au mgeni, anaisikia. Kwetu jua halijatua. Akifuturu kwa adhana hiyo amefungua kabla ya wakati kwa zaidi ya nusu saa. Wazee huwa wanatuonya kila mwaka, lakini si kila nyumba ina mzee.

Ingetosha kila adhana ifuatiwe na sentensi moja: hii ni kwa Dar es Salaam na maeneo jirani, Dodoma bado dakika kadhaa, Tabora kadhaa, Kigoma kadhaa. Na daku vilevile, huku tuna muda wa ziada wa kula ambao wengi hawautumii.

Shabiki wa Mashujaa

Mpira kwa ufupi. Mashujaa wanacheza ligi kuu, uwanja wa nyumbani ni Lake Tanganyika. Mechi zao zitangazwe redioni kutoka uwanjani, kwa dakika zote 90, hata kama mgeni si Simba wala Yanga. Mtangazaji aeleze na uwanja, nani amekaa wapi, upepo unatoka upande gani. Ndiyo raha ya mpira wa redioni.

Mama wa Katonga

Naona mchezo wa redio mmeuweka usiku baada ya habari. Sawa, lakini urudiwe asubuhi saa nne. Wanaume wetu usiku wako ziwani, wanawake tumechoka tumesinzia. Asubuhi tutausikiliza wote.

Mwana wa Kibirizi

Wakuu, nimekusanya yote. Yaliyobadilika: saa tatu hadi saa sita maneno, na mchezo wa redio kurudiwa saa nne kama alivyosema Mama. Matangazo ya vifo baada ya habari ya saa saba mchana na tena baada ya habari ya saa mbili usiku, bila muziki chini. Salamu zinafuata vifo vya mchana, kwa nafasi ya kutosha kati yake. Kusikiliza kwa vikundi saa kumi na moja jioni, siku moja ya wiki. Adhana na dakika za mikoa. Kilimo kwa wilaya. Watoto nawaacha saa moja na nusu. Nikipata mzazi wa Mtwara au Tanga anayeona ni usiku mno kwao, aseme, tutafute kurudia mapema kwa mashariki.

Naandaa barua ya maoni ya wasikilizaji, nitaituma na uzi huu nikiwa nimeuchapa. Anayetaka jina lake la humu liwemo aseme. Mkulima wa Urambo, kwenye kipindi cha usiku nimebakiza pengo: unataka kianze miezi gani, na saa ngapi hadi saa ngapi?

Mkulima wa Urambo

Andika Februari hadi Aprili, saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, halafu kiungane na hali ya hewa ya wavuvi. Na jina langu liweke.